Kumposea Ikromjon Nchi

Kazi yangu ni ushenga. Mtaani kwetu hapa Samarkand, nyuma ya soko la Siyob, mtu akitaka kumwoza mwanawe huniita mimi, Muyassar, nami hufunga mikate miwili kwenye kitambaa nikaenda kukaa kwa watu na kutazama. Wengi hudhani mshenga hutazama binti. Binti ana nini cha kutazamwa? Siku hiyo kila binti ni malaika. Mimi hutazama majirani, husikiliza mama anavyomwita mkaza mwanawe, na huomba maji ya kunawa ili nipitishwe uani nione mambo yalivyo.

Kwa hiyo mpwa wangu Ikromjon alipotangaza kwamba anatafuta nchi ya kuhamia, nilijua atanijia. Nchi na mke vina tofauti gani? Vyote viwili huvijui mpaka umeshaleta mizigo.

Ikromjon ni kitinda mimba wa dada yangu Sanobar. Alikwenda Seoul kusoma, akabaki huko kwa kazi. Watu wakibonyeza simu zao kununua viatu na sufuria, yeye ndiye anayeangalia mitambo isilale. Sasa bosi wake alikuwa amefunga ofisi ili kuokoa kodi, akawaambia vijana wake kila mmoja afanye kazi popote apendapo, mradi asubuhi awepo kwenye kompyuta. Mshahara ulibaki uleule. Seoul nayo ilibaki Seoul, mji ambao mpwa wangu alilipa nusu ya jasho lake kwa chumba ambacho akinyoosha miguu kitandani inagonga friji.

"Mama Mdogo," aliniambia siku hiyo kwenye simu, uso wake umejaa kioo kizima, "nchi ni nne. Georgia, Uturuki, Malaysia, Vietnam. Zote nafuu. Nichagulie."

Tulikuwa tumeketi uani kwa dada, chini ya mzabibu, simu tumeiegemeza kwenye birika. Dada alikuwa anachambua mchele wa pilau na hakuinua kichwa.

"Hizo nchi zinajua kwamba unazitaka?" nikamwuliza.

"Nchi haiulizwi, Mama Mdogo. Unapanda ndege tu."

"Ndiyo maana wanaoachana ni wengi siku hizi."

Akacheka. Ana kicheko cha marehemu baba yake, kinaanzia puani. Nikamwahidi nitaulizia, kama ninavyowaulizia watu wote.

Na niliulizia kweli. Mtaa wetu ni mdogo lakini watu wake wamesambaa. Uturuki nilimpigia Hanifa, binti wa mchonga milango, ambaye mimi mwenyewe nilimpeleka kwa mumewe Istanbul. Akasema pazuri mno, shangazi, lakini bei zinapanda tukiwa tumelala. Malaysia nilimwuliza muuza aprikoti kavu anayepeleka mzigo huko, akasema watu wana adabu, misikiti ipo, ila joto lake hata kivuli kinatoka jasho. Kuhusu Vietnam sikupata mtu, nami sipeleki posa nyumba isiyo na wa kuisemea. Georgia alinieleza dereva mmoja wa lori: vilima, jibini, watu wakali wenye mioyo laini, mgeni hafukuzwi, ila wanakunywa divai kama sisi tunavyokunywa chai.

Hayo yote nilimwambia Ikromjon. Dada yangu safari hii alikuwa anachambua mchele ambao alikwisha kuuchambua.

Najua alichokuwa anakitaka. Kwetu kitinda mimba ndiye anayebaki nyumbani kwa baba. Wakubwa hutoka wakajenga kwao, mdogo hurithi tanuri na wazee. Shemeji yangu, Tohir fundi, alipofariki, Ikromjon alikuja akazika, akapokea rambirambi mlangoni siku zake zote, kisha akarudi Seoul. Dada akabaki na vyumba vinavyozunguka ua, na tanuri inayooka mikate mingi kuliko midomo. Alitaka mwanawe arudi. Lilikuwa jambo moja tu duniani alilolitaka, na hakumwambia.

"Mwambie basi," nilimsihi. "Mwambie, nchi ni tano, ya tano ni kwenu."

"Mimi ni upande wa binti, Muyassar," alinijibu. "Wewe ndiye wa kuniambia hivyo? Tangu lini upande wa binti ukaenda kubisha hodi?"

Ni kanuni yangu mwenyewe aliyonitupia. Nyumba yenye binti hungoja. Anayetaka ndiye anayekuja, na akija mara ya kwanza hapewi. Huambiwa binti bado mdogo, hajui hata kukanda unga, tutashauriana na wajomba. Mara ya pili huambiwa tutaona. Anayekuja mara ya tatu ndiye anayetaka kweli, na huyo huvunjiwa mkate. Mkate ukivunjwa, posa imekubaliwa, hata kama hakuna aliyetamka ndiyo. Nyumba inayotoa binti wake kwa hodi ya kwanza, watu huuliza ana kasoro gani.

Kitu kimoja nisisahau. Baada ya Navruz, sikukuu yetu ya mwaka mpya, nyumbani kwa dada alifika msichana kutoka Poland, Ludwika, sisi tunamwita Luda. Alisimama mlangoni na begi mgongoni, akasema kwa Kirusi cha kukatikakatika kwamba anafanya kazi kwa kompyuta, kodi za Warsaw zimemshinda, amesikia Samarkand maisha ni nafuu, je, mama ana chumba? Dada akamwambia karibu. Aliuliza mara moja, akajibiwa mara moja, kwa sababu mgeni ni mgeni, hafundishwi desturi akiwa kizingitini. Akapewa chumba cha Ikromjon, ndicho chenye meza.

"Kwa hiyo kuna mtu Warsaw alikaa akapanga nchi zake nafuu, na sisi tumo," Ikromjon alisema alipoambiwa, akacheka sana. Nilikiona kicheko, sikuona kilichokuwa nyuma yake.

Basi siku ile ikaja. Ilikuwa alasiri, mimi na dada tunakunywa chai, Ikromjon anatusimulia kuhusu nyumba za kupanga Tbilisi. Katikati ya maneno akasema, kama mtu anayeuliza saa ngapi:

"Na nikija huko kwenu, je?"

Mkono wa dada ulisimama na kikombe hewani.

"Huku?" alisema. "Uje ufanye nini huku? Mtandao wenyewe ndio huu, upepo ukivuma unakatika. Chumba chako kina mgeni. Na wewe umeshazoea miji mikubwa, utachoka kwa wiki moja. Tutazungumza na kaka zako. Tutaona."

"Aha," alisema Ikromjon. "Sawa, mama."

Mimi chini ya meza nilikuwa nimemshika dada paja, namfinya kwa furaha. Simu ilipokatika alinigeukia, macho yanang'aa.

"Ameomba," alisema.

"Ameomba. Na umemjibu vizuri, dada. Mimi mwenyewe nisingemjibu vizuri zaidi."

Tukaanza kazi. Tulitoa magodoro tukayaanika juani. Tukapanga Luda ahamie chumba cha upande wa mti wa aprikoti, na Luda, mtoto mzuri yule, akasema hakuna shida, akabeba meza yeye mwenyewe. Dada akafua mapazia. Kila simu ilipolia alijifuta mikono kwanza ndipo apokee, na kila mara ilikuwa mtu mwingine. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mshenga mwenye adabu huacha muda upite kati ya hodi na hodi.

Kisha ikaja picha. Ikromjon amesimama kwenye roshani ya mbao, vilima nyuma yake, kikombe mkononi. Chini ameandika: Nimeshahamia Tbilisi. Nimepanga mpaka mwisho wa kiangazi, halafu nitaona.

Dada aliitazama muda mrefu. "Roshani nzuri," alisema. Halafu akaenda kukanda unga, na mkate ulikuwepo tele. Nilimtazama mgongo wake ukipanda na kushuka juu ya karai, nikaona huruma iliyochanganyika na hasira, na kwa kuwa hasira ndiyo ninayoijua zaidi, nilitoka nje ya lango nikampigia mpwa wangu.

"Wewe kijana," nilianza, "umebisha hodi mara moja ukakimbia kuposa kwingine hata chai haijapoa. Nani aliyekulea?"

"Nimebisha hodi wapi?"

"Kwa mama yako. Hukuuliza kama uje? Akakujibu kama watu wanavyojibiwa."

"Mama Mdogo, mama alisema chumba kina mgeni."

"Kina mgeni. Nyumba yenu ina chumba kimoja?"

"Alisema mtandao mbovu."

"Nilikwenda kwa Haji Salim kumposa mjukuu wake, wakaniambia binti yao ana mguu mmoja mfupi. Leo hakuna harusi asiyocheza mpaka alfajiri. Ikromjon, umesahau nini wewe? Hodi ya kwanza haijibiwi ndiyo. Hata paka wa mtaani kwetu anajua hilo."

Nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Luda aliomba mara moja," alisema. "Mtu wa Poland, mlangoni, hawajui hata jina lake. Akapewa chumba changu siku ileile. Mimi mwanawe nikaambiwa tutaona. Unajua nilifanya nini simu ilipokatika? Nililia. Mtu mzima na ndevu zangu, nimekaa kitandani miguu imegonga friji, nalia. Nilijipa moyo wiki nzima kabla ya kuuliza swali lile, Mama Mdogo. Nililisema kwa mzaha ili nikikataliwa lisiume. Likauma vilevile."

Niliegemea lango.

"Basi omba tena," nilisema hatimaye. "Mara mbili tu zimebaki."

"Hapana," alisema taratibu. "Mimi nimechoka kuomba. Safari hii ombeni ninyi."

Nilirudi uani nikamweleza dada kila kitu, na sehemu ya kulia sikuificha. Alisikiliza mikono ikiwa ndani ya unga. Alipolia yeye, hakuyafuta machozi, yakashuka mpaka kidevuni.

"Kumbe alidhani simtaki," alisema.

"Ndivyo alivyodhani."

"Na mimi nafua mapazia."

Akaurudia unga. Nilijua anapigana na nini. Mwanamke amekaa maisha yake yote akingoja hodi, kwanza ya mumewe, kisha za wanaoposa binti zake, na hakuna hata siku moja alipovuka kizingiti kwenda kuomba. Nikamwambia: dada, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

"Vitambaa vyako vya posa," alisema, "umeviweka wapi?"

Luda ndiye aliyetutafutia tiketi. Hiyo ndiyo elimu yao vijana hawa, kujua ndege ipi inaruka lini kwa bei ya mbuzi. Alitupeleka mpaka uwanja wa ndege, akaahidi kumwagilia mzabibu, na akamkumbatia dada kwa nguvu hata kilemba kikaenda upande. Dada alikuwa ameoka usiku kucha. Mkate wa Samarkand ni mzito na haukauki upesi, lakini aliubeba mapajani ndege nzima akiupapasa kama mtoto mwenye homa.

Tulifika Tbilisi asubuhi. Nyumba yenyewe ilikuwa ya zamani, ngazi za mbao zinalia kila ukikanyaga. Kwenye mlango wa Ikromjon nilikuwa nimeshainua mkono nibishe, dada akanizuia. Akagonga kwa jirani. Akatoka bibi mmoja mwenye gauni jeusi, na dada, bila neno hata moja la Kigeorgia, akaomba ufagio kwa ishara. Bibi akautazama uso wake, akauleta.

Zamani kwetu, mshenga aliyekuja kwa nia alifika alfajiri akafagia mbele ya mlango wa binti. Sikuwahi kuliona hilo likifanywa, bibi yetu alitusimulia tu. Dada yangu alifagia kizingiti cha mwanawe, akafagia ngazi mbili za juu, akafagia na kwa bibi kwa heshima yake. Vumbi lilikuwepo la kutosha, Ikromjon ni mwanamume.

Sauti ya ufagio ndiyo iliyomtoa. Alifungua mlango amevaa ndara, vidude vya kusikilizia vimemning'inia shingoni, akamwona mama yake ameinama.

"Mama?"

Dada akajinyoosha. Nilidhani atamrukia shingoni, lakini alisimama wima, ufagio mkononi, na akasema, "Hodi. Tumekuja kwa jambo la kheri."

Nilimwona kijana akielewa. Ilianza kwenye nyusi, ikashuka mpaka mdomoni, na mdomo ukaanza kutetemeka. Lakini damu ya nyumba si maji. Alikaza uso, akainamisha kichwa, mkono kifuani, akatukaribisha ndani, akatuweka mahali pa heshima mbali na mlango. Akamimina chai kidogokidogo kama inavyopaswa. Mimi nikaweka mikate mezani, nikasafisha koo, nikafanya kazi yangu.

"Tumesikia nyumba hii ina kijana," nilisema. "Na sisi tuna nyumba inayotafuta kijana."

"Ikoje hiyo nyumba?" aliuliza, macho kwenye kikombe.

Nilitaka kuisifu, ndiyo kazi yangu, lakini dada alinitangulia. "Ni kuukuu," alisema. "Mtandao unakatika kweli, hilo sikusema uongo. Ina Mpolandi mmoja, mtoto mzuri. Ina mapazia safi. Ina mama asiyejua kuomba."

Mahali fulani chini mtu alikuwa anapiga kelele kuuza maziwa. Ikromjon akaweka kikombe chini.

"Kijana wetu bado mdogo," alisema, na sauti ilimpasuka katikati. "Hajui hata kukanda unga. Tutashauriana."

Dada yangu alimtazama. Kisha akainuka, akavaa viatu vyake, akatoka, akauvuta mlango nyuma yake. Mimi nilibaki nimekaa na chai yangu. Tukasikia anagonga.

"Hodi."

"Nani?" aliuliza Ikromjon. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, mkate mmoja ameukumbatia.

"Sanobar, mjane wa Tohir fundi, kutoka Samarkand."

"Unataka nini?"

Nilimsikia akivuta pumzi. Alisema kwa sauti ya kusikika ngazi nzima, bibi wa gauni jeusi akiwepo bila shaka. "Namtaka mwanangu arudi nyumbani. Ninamtaka kila siku. Nilimtaka na siku ile aliponiuliza."

Machozi yalikuwa yanamtiririka kijana yule kwenye ndevu. "Tutaona," alisema. Na mikono yake, yenyewe, ikauvunja mkate vipande viwili.

Nikauona. Ningeweza kumwita dada aingie. Lakini posa ya hodi mbili si posa, na kwa mambo haya mimi sina huruma.

Tukangoja. Nje hapakusikika kitu, si hatua, si ufagio. Ikromjon alinigeukia, vipande vya mkate mikononi, na usoni mwake niliona hofu ileile niliyoiona kwa dada kila simu ilipolia.

"Amekwenda?" alininong'oneza. "Mama Mdogo, asije akawa amekwenda."

"Mshenga mwenye adabu huacha muda upite," nilimwambia.

Ngazi ikalia mara moja, kama mtu aliyehamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Ikromjon hakungoja hodi. Alifungua mlango mkono wa dada ukiwa bado hewani, akamtia kipande cha mkate kiganjani, na dada yangu akakila palepale kizingitini, viatu miguuni.